Hatua za Kwanza za Rola Dabi: Kuanguka, Kufunga Breki na Kuserereka kwa Anayeanza Unguja na Pemba

Kila anapokuja mwanafunzi mpya kiwanjani, maswali huwa yale yale: kwa nini miguu yangu inatawanyika, kwa nini siwezi kusimama bila ya kushika ukuta, na lini nitaanza kwenda mbio. Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo, nikaona bora niyaandike kwa utaratibu, ili mtu aliyeko Jang'ombe, Mkoani au Nungwi aweze kuanza bila ya kusubiri mtu wa kumshika mkono. Swali la mwisho nalijibu hapa hapa, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi: mbio huja mwisho. Wengi ninaowaona wakihangaika katika wiki ya tatu na ya nne ni watu waliojifunza kwenda kabla ya kujifunza kuanguka na kufunga breki. Mwili unajua kwamba hauna njia ya kujiokoa, kwa hiyo unakakamaa, na mwili uliokakamaa hauwezi kuserereka.

Kuhusu mchezo wenyewe, anayeanza anahitaji kujua machache tu. Rola dabi ni mchezo wa Marekani: Leo Seltzer aliandaa mashindano ya mwanzo Chicago mwaka 1935, na sura yake ya sasa, ambayo wanawake wenyewe ndio walioijenga, ilizaliwa Austin, Texas, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Timu mbili, kila moja ikiwa na wachezaji watano uwanjani, huzunguka katika njia ya duaradufu kinyume na mwendo wa akrabu za saa. Mmoja katika kila timu huvaa nyota kwenye kofia yake. Huyo ni mpenyaji, naye hupata pointi kwa kuwapita wapinzani. Wanne waliobaki ni wazuiaji, na kazi yao ni kumzuia mpenyaji wa upande wa pili kwa viwiliwili vyao huku wakimfungulia njia wa kwao. Raundi moja haizidi dakika 2. Kwa kuwa watu husukumana, kila mchezaji huanguka, na anayeanguka vibaya humwangusha na mwenzake. Ndiyo maana hatua zinazofuata zimepangwa kama zilivyopangwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Viatu ni vile vyenye magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, pamoja na raba ya breki kwenye ncha ya mbele. Viatu ambavyo magurudumu yake yamepangwa katika mstari mmoja havikubaliki katika mchezo huu, na namna yake ya kufunga breki ni nyengine kabisa, kwa hiyo usivinunue kwenye mitumba kwa kuona bei ni nafuu. Kiatu kikukae kama raba ya mazoezi iliyobana kidogo: vidole viguse mbele bila ya kukunjika, na kisigino kisinyanyuke unapokunja goti. Kiatu kikubwa kwa nambari moja tu kitakufanya uamini kwamba vifundo vyako vya miguu ni dhaifu, na huku tatizo ni nafasi iliyomo ndani ya kiatu.

Ugumu wa gurudumu huandikwa kwa nambari yenye herufi A. Viwanja vyetu vingi ni vya saruji yenye chembe au lami, na hapo panafaa magurudumu laini, kati ya 78A na 85A. Magurudumu ya 95A na kuendelea yametengenezwa kwa sakafu nyororo za ukumbini, na kwenye saruji ya nje mtetemo wake huufikia hadi mfupa wa muundi. Ukiwa unaagiza magurudumu au beringi kutoka nje, pima kwanza unene wa ekseli za viatu vyako: nyingi ni milimita 8, ambazo hutumia beringi za 608, lakini ziko za milimita 7, ambazo beringi zake ni 627. Jozi moja ya viatu huchukua beringi 16, na ukikosea kipimo umepoteza zote.

Kinga ni tano, na hakuna hata moja ya hiari: kofia ngumu, kinga ya meno, kinga za visugudi, kinga za vifundo vya mikono na kinga za magoti. Ikiwa fedha hazitoshi, nunua viatu vya kawaida na kinga nzuri za magoti, wala usifanye kinyume chake. Kinga ya goti inayofaa ina sponji nene na ganda gumu la plastiki kwa nje, kwa sababu goti linatakiwa literereke juu ya saruji; zile za kitambaa za mpira wa wavu hung'ang'ania chini na kulipinda goti. Kofia ikae sawasawa kichwani, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda wake ufungwe chini ya kidevu. Kofia za baskeli nyingi zimeundwa kuhimili pigo moja kubwa, na kwa mchezo wa kuanguka mara kwa mara ni bora kupata ile iliyoundwa kuhimili mapigo mengi. Kofia yoyote iliyopasuka, iache.

Kwa upande wa mavazi, dada zangu huniuliza hili kwa faragha, nami nalisema wazi kwa sababu ni suala la usalama. Sitara na mchezo huu vinakwenda pamoja bila ya shida. Vaa ushungi wa michezo wa kitambaa chembamba kinachovutika, usiokuwa na pini wala kifundo chini ya kofia, kwa kuwa pini chini ya kofia huingia kichwani unapoanguka. Vaa suruali ndefu ambayo ncha zake zimeingizwa ndani ya soksi, na juu yake fulana ndefu inayoishia juu ya magoti. Dera, juba na mtandio unaoning'inia havifai hata kwa dakika tano, kwani ncha ya nguo ikiingia kwenye gurudumu itajizungusha na kukuangusha kinyumenyume.

Mwisho, uwe na spana inayokaa vizuri kwenye nati za magurudumu, chaki, kamba ya mita 4, ufagio wa chelewa na maji ya kutosha. Joto la kwetu, khasa wakati wa kaskazi, humchosha mtu ndani ya kofia kabla hajajijua.

Mahali na wakati wa kufanyia mazoezi

Tafuta kiwanja cha saruji cha mpira wa kikapu au netiboli, tambarare, chenye ukingo au ukuta upande mmoja na majani karibu yake. Viwanja vingi vya namna hii vimo ndani ya skuli, na mwalimu mkuu akiombwa kwa heshima, pamoja na sheha kujulishwa, mara nyingi ruhusa ya siku za mapumziko hupatikana. Vichochoro vya Mji Mkongwe si mahali pa kujifunzia, kwa kuwa mawe yake hayako sawa na vespa hutokea ghafla kwenye kona. Forodhani sakafu yake ina viungo vinavyokamata magurudumu, na jioni watu ni wengi mno. Walioko Pemba wachukue tahadhari zaidi, kwa sababu Wete na Chake Chake ni miji ya vilima, na barabara inayoonekana tambarare kwa anayetembea huwa ni mteremko kwa aliyevaa magurudumu.

Wakati mzuri ni baada ya jua kuchomoza hadi saa mbili asubuhi, au baada ya Alasiri. Katika mwezi wa Ramadhani fanya mazoezi usiku baada ya Tarawehe, unapoweza kunywa maji, na uhakikishe kiwanja kina taa. Kila siku, kabla ya yote, fagia. Punje moja ya mchanga wa pwani hulizuia gurudumu dogo kama jiwe linavyozuia gurudumu la gari, nawe utadhani umekosea mguu. Baada ya mvua ya masika subiri mpaka saruji ikauke kabisa, si juu juu tu.

Hatua kwa hatua

1. Kagua viatu. Zungusha kila gurudumu kwa kidole. Nati ikazwe hadi mwisho, kisha ilegezwe kidogo, takriban robo ya mzunguko, mpaka gurudumu lizunguke huru na ukilitikisa usikie nafasi ndogo sana. Angalia pia raba ya breki isiwe imelegea. Kamba za viatu ziwe za kadiri kwenye vidole na zikazwe zaidi kwenye kifundo, na ncha zake zifichwe.

2. Simama kwenye majani. Vaa kila kitu, kinga kwanza na viatu mwisho, kisha simama kwenye majani, ambako magurudumu hayaendi. Visigino vikaribiane na ncha za miguu zielekee nje kidogo kama herufi V. Piga hatua ndogo ndogo, nyanyua mguu mmoja, hesabu hadi tano, badilisha. Dakika 10 zinatosha. Wengi huiruka hatua hii kwa kuona haya, kisha huja kuifanya kwenye saruji wakiwa wameng'ang'ania ukuta, na ukuta humfundisha mtu kuegemea mbele kwa mikono, tabia ambayo baadaye ni ngumu kuivunja.

3. Jifunze mkao. Huu ndio msingi wa kila kitu kitakachofuata. Panua miguu kwa upana wa mabega, kunja magoti, shusha makalio kama mtu anayetaka kukaa barazani lakini akasita kabla ya kuligusa jiwe. Kifua kiwe juu, macho yatazame mbele, mabega yawe juu ya magoti, na magoti juu ya vidole vya miguu. Uzito uusikie katikati ya unyayo, ukiegemea kidogo kisigino. Kaa hivyo sekunde 30, pumzika, rudia mara tano. Mapaja yatawaka moto, na hilo ni jambo la kawaida kwa wiki mbili za mwanzo.

Kosa kubwa hapa ni kukunja kiuno badala ya magoti. Mtu huinama kama anayeokota kitu chini, makalio yakabaki juu, na huku anaamini kwamba yuko chini. Mwombe mwenzako akutazame kwa upande, au akupige picha kwa simu: ikiwa mgongo wako umelala kama meza, umekosea. Kosa la pili ni kutazama miguu. Kichwa ni kizito, na kinapoelekea chini mwili mzima hukifuata.

4. Jifunze kuanguka. Usiondoke kwenye hatua hii kwa haraka. Kanuni ni tatu: anguka mbele, anguka mdogo, na ufumbe ngumi. Kuanguka mbele ni kwa sababu kinga zote ziko mbele, ilhali nyuma kuna kifandugu na kisogo tu. Kuanguka mdogo ni kujikunja, kwa kuwa mkono au mguu ulionyooka njiani humwangusha anayekuja nyuma yako. Kufumba ngumi ni kwa sababu kidole kilicholala juu ya saruji hupitiwa na gurudumu la mwenzako.

Anza bila ya viatu vya magurudumu, ukiwa na kinga zote na raba za kawaida, kwenye majani. Kutoka kwenye mkao wa chini, shusha goti moja taratibu mpaka ganda la kinga liguse chini, kisha inuka. Fanya mara 10 kwa kila goti. Halafu fanya magoti mawili, moja likifuatiwa haraka na jengine, yasiangushwe kwa pamoja kwa kishindo. Halafu ongeza mikono: magoti, kisha visugudi na mikono ya mbele, ngumi zimefumbwa, kichwa kimeinama ndani, mwili umejikusanya kama paka aliyelala. Ukimaliza kwenye majani, hamia kwenye saruji ukiwa bado na raba, na mwisho uvae magurudumu na ufanye hivyo hivyo ukiwa umesimama, kisha ukiwa unakwenda polepole.

Siri ya anguko lisiloumiza ni kwamba tayari uko chini. Anayeanguka kutoka kwenye mkao wa magoti yaliyokunjwa husafiri shibiri mbili au tatu. Anayeanguka akiwa amesimama wima husafiri urefu wake wote. Na lengo lako si kulipiga goti chini bali kulitereza, kama ndege wa majini anavyotua. Ukihisi unakwenda kinyumenyume, usinyooshe mikono nyuma: jishushe, geukia upande mmoja, utue kwa tako moja, na ubane kidevu kifuani. Kuweka viganja chini ndiko kunakovunja mikono ya wanaoanza, hata wale waliovaa kinga.

5. Jifunze kuinuka. Kutoka kwenye magoti mawili, simamisha mguu mmoja mbele, magurudumu yote manne yakiwa chini. Weka mikono juu ya paja la mguu huo, usiiweke chini. Sukuma, inuka ukiwa umekunja magoti, na ulete mguu wa pili uwe na umbo la V. Hesabu: ukifika sekunde tatu kabla hujainuka, rudia. Jifunze kwa miguu yote miwili, kwa kuwa huwezi kuchagua upande utakaoangukia.

6. Tembea, kisha userereke. Kwenye saruji, ukiwa kwenye mkao, tembea kama bata: visigino karibu, vidole nje, hatua fupi. Baada ya hatua tatu au nne utasikia magurudumu yanakubeba yenyewe. Hapo acha kutembea na ubaki kwenye mkao mpaka uishiwe na mwendo. Mara utakapozoea, refusha kila hatua.

Hapa ndipo linapojitokeza kosa ambalo nimelirekebisha kuliko yote. Mtu anayetembea hujisukuma kwa kupeleka mguu nyuma, kwa ncha ya vidole. Kwenye magurudumu, kisukumo huenda pembeni, na magurudumu yote manne hukaa chini mpaka mguu unyooke. Ukisikia raba ya mbele inakwaruza, unasukuma nyuma. Jaribu kufikiria kwamba unasogeza gunia la mchele kwa upande wa unyayo. Hutalisogeza kwa kidole gumba.

7. Chora ndimu. Anza visigino vikiwa pamoja na vidole nje. Kunja magoti na uiache miguu ifunguke mpaka ipite upana wa mabega, kisha geuza vidole ndani na uvute miguu irudi pamoja, bila ya kunyanyua gurudumu lolote. Magurudumu yatakuwa yamechora umbo la ndimu. Unaposukuma nje shuka, na unapovuta ndani panda kidogo. Zoezi hili hufundisha kingo za ndani za miguu, hujenga mapaja, na ndilo mlango wa breki inayofuata. Zunguka kiwanja kizima kwa ndimu peke yake kabla ya kuendelea.

8. Funga breki ya plau. Ni ile ndimu uliyoizuia isifunge. Ukiwa unakwenda polepole, panua miguu kupita mabega, geuza vidole ndani kidogo, kaa chini zaidi ya ulivyowahi kukaa, na usukume visigino nje kwa nguvu. Magurudumu yatakwaruza saruji na mwendo utakufa. Kifua kibaki juu. Piga mstari wa chaki, jisukume mara tatu, na ujaribu kusimama kabla ya kuufikia. Ukiweza mara tano mfululizo, ongeza kisukumo kimoja.

Breki hii huwatoa watu machozi, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu huchelewa kuja na kisha huja siku moja bila ya taarifa. Wanaoikosa huwa wamefanya moja kati ya mambo mawili: wamegeuza vidole ndani mno mpaka viatu vikagongana, au wamepanua miguu bila ya kukaa. Magurudumu laini kwenye saruji yenye chembe hung'ang'ania, kwa hiyo badala ya kisukumo kimoja kirefu, sukuma visigino nje kwa mikupuo mifupi ya haraka.

9. Funga breki ya herufi T. Uzito wote uwe kwenye mguu wa mbele uliokunjwa. Mguu wa nyuma uweke nyuma ya kisigino cha mbele, kwa pembe mraba, na uuburute taratibu, magurudumu yote yakigusa. Ukijikuta unazunguka, umehamishia uzito nyuma.

10. Chora njia na uvushe mguu. Usifike hapa mpaka uweze kuserereka kwa mguu mmoja kwa sekunde tano kila upande. Kisha chora ukingo wa ndani wa njia: weka alama mbili za katikati zilizoachana mita 10.67, shika kamba yenye urefu wa mita 3.81 kwenye kila alama na uchore nusu duara kwa chaki, halafu unganisha nusu duara hizo kwa mistari iliyonyooka. Ukingo huo unaingia vizuri kwenye kiwanja cha kikapu cha mita 28 kwa 15. Njia kamili, yenye upana wa karibu mita 4 hadi 4.6 pande zote, haitoshi humo, lakini kwa anayeanza ukingo wa ndani na nafasi ya kuzunguka vinatosha.

Zunguka kinyume na akrabu za saa. Kwenye kona, inamisha mwili ndani, vusha mguu wa kulia mbele ya wa kushoto, na utumie ule wa kushoto kusukuma kwa chini kuelekea nje kabla ya kuurudisha. Jaribu kwanza ukiwa umesimama, ukitembea ubavu ubavu. Wengi huvusha kulia vizuri na kusahau kisukumo cha kushoto, na hivyo kona zote huwa za kupoteza mwendo.

Kipimo kilichozoeleka kwa muda mrefu ni kuzunguka njia mara 27 ndani ya dakika 5, sawa na sekunde 11 hivi kwa kila mzunguko. Usijipime kabla ya miezi kadhaa, na ujipime tu ikiwa plau yako inafunga kila mara.

Kwa ratiba, siku tatu za wiki zinatosha, dakika 45 kila siku, na robo saa ya kwanza iwe ya kuanguka na kuinuka hata baada ya kuwa mzoefu.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*Miguu inatawanyika na siwezi kuirudisha.* Magoti yako yamenyooka. Kunja, geuza vidole ndani kidogo, na ubane mapaja kama unayevuta ndimu. Ikiwa magurudumu ni mapya na mepesi kupita kiasi, kaza nati kidogo kwa wiki mbili za mwanzo, mradi gurudumu lizunguke.

*Nyayo zinauma mpaka nashindwa kusimama.* Mara nyingi ni vidole vinavyojaribu kukamata soli kwa woga. Legeza kamba za upande wa mbele, pumzika kila dakika 10, na ujikumbushe kuchezesha vidole ndani ya kiatu. Maumivu haya hupungua kadiri woga unavyopungua.

*Kiatu kimoja kinavuta upande.* Badilisha viatu na mwenzako wa nambari moja. Ikiwa tatizo linabaki kwako, ni mguu ulio dhaifu, na dawa yake ni mguu mmoja kwa sekunde tano, mara nyingi. Ikiwa linakifuata kiatu, angalia beringi na zile raba za kati zinazoshika ekseli kama zimekazwa sawa pande zote.

*Magurudumu yanalia au hayazunguki.* Hewa ya chumvi na mchanga havina huruma na beringi. Toa magurudumu, kisha tumia ncha ya ekseli kuzichopoa beringi. Zile zenye kifuniko kinachotoka zifungue, zilowanishe kwenye mafuta ya taa, zitikise, zifute na uziache zikauke kabisa. Tia matone mawili ya mafuta ya cherehani. Usitumie mafuta ya nazi wala ya kupikia, kwani hugandana na vumbi. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko na sigara. Baada ya kila zoezi futa viatu kwa kitambaa kikavu na usiviweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa.

*Kinga zinanuka.* Zifue kwa mkono kwa sabuni na maji vuguvugu, zianike kivulini penye upepo. Jua kali la mchana hulikausha ganda la plastiki likapasuka.

*Nilianguka vibaya na sasa naogopa.* Woga huo una haki yake. Rudi hatua ya 4, kwenye majani, na uanguke kwa hiari yako mara 20 kabla ya kuvaa magurudumu. Usikubali kuvutwa mkono na mtu mwenye haraka, hata akiwa ni rafiki yako.

*Mkono umevimba baada ya kuanguka.* Usikubali kukandwa kabla ya kupigwa picha ya mfupa. Najua kwamba nyumbani jambo la kwanza ni maji moto na bibi wa kukanda, na kwa misuli iliyokaza wana ujuzi wao, lakini mfupa uliopasuka ukisuguliwa huachana zaidi. Mmoja wa mifupa midogo ya kifundo cha mkono, ule ulio chini ya kidole gumba, unaweza kuvunjika bila ya mkono kupinda, na mtu akaendelea kuutumia kwa wiki nzima huku akidhani ameteguka tu. Vua pete mapema kabla ya uvimbe kuzidi, ufunge mkono usitikisike, na uende hospitali siku hiyo hiyo. Ukipona na ukaruhusiwa na daktari, anza tena kutoka hatua ya 2, kwenye majani, ukiwa na kinga mpya za vifundo vya mikono ikiwa zile za zamani zilipinda au kupasuka.